Sabatiko haitakuandikia kitabu

Mhadhiri mwingine tena kaniambia juzi, "kitabu nitaandika nikipata sabatiko, sasa hivi sina muda." Sabatiko ni ile likizo ya kitaaluma, kwa kawaida kila mwaka wa saba, ambapo chuo kinakuondolea kufundisha ili ufanye utafiti na kuandika. Jamani. Nafundisha wahadhiri uandishi wa kitaaluma na hii kauli nimeisikia mpaka imenichosha, manake wanaoisema ni watu wenye akili nzuri, data wanazo, hoja wanazo, ila wanakaa miaka sita hawaandiki hata ukurasa wakingoja mwaka wa saba uje kuwaokoa.

Tuanze na dogo. Sabatiko si mapumziko. Harvard walipoanzisha huu utaratibu mwaka 1880 ilikuwa mwaka wa saba kwa nusu mshahara, na mpaka leo vyuo vingi vinakudai mpango wa kazi kabla hujaondoka na ripoti ukirudi. Hilo mnalijua, tusonge.

Kinachoniudhi ni kuamini kwamba kinachokosekana ni muda tu. Muda haupo kweli, sibishi, mtu ana mitihani ya kusahihisha, tasnifu za kusimamia, vikao vya idara visivyoisha. Lakini mwangalie huyohuyo siku anapopata asubuhi nzima, anafungua rasimu ambayo hajaigusa miezi miwili. Katikati ya sura ya tatu anakuta maandishi mekundu: "hapa ongeza lile la sampuli". Lile lipi? Hakumbuki. Basi anarudi kwenye utangulizi ili akumbuke, anaona sentensi ya kwanza haijakaa sawa, anainyoosha, na ya pili, na ya tatu, na zote alishazinyoosha huko nyuma, mpaka anafika mchana na sura ya tatu bado hajaifikia. Huyu saa alizipata! Kilichopotea ni uzi wa hoja, na ukimpa mwaka mzima atafanya hivyohivyo kila asubuhi, tofauti ni kwamba sasa hana wa kumsingizia.

Robert Boice, mwanasaikolojia aliyewachunguza wahadhiri kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1989 kuhusu makundi matatu. Walioendelea na mazoea yao ya kusubiri nafasi kubwa walitoa wastani wa kurasa 17 kwa mwaka. Walioandika kila siku kidogokidogo na kuweka rekodi, 64. Waliofanya hayo yote na juu yake wakawa na mtu wa kumpa hesabu ya walichoandika, 157. Watu wakinukuu hii wanakimbilia 17 na 64, wanahubiri "andika kila siku", basi. Mimi naomba mtazame 64 na 157, manake mazoea ni yaleyale, kilichoongezeka ni mtu wa kukuuliza. Sasa sabatiko inafanya nini? Inakutoa idarani, inakutenga na wenzako, yaani kitu cha kwanza inachokuondolea ni wale wanaokuuliza umefika wapi! Ndo maana nawaambia wanaoondoka, kabla hamjakabidhi funguo za ofisi tafuteni mtu mmoja, si lazima awe wa fani yako, wa kumtumia kurasa kila Ijumaa hata zikiwa mbaya. Hili nalisisitiza kuliko lingine lolote na ndilo wanaloliruka.

Ila sitaki kuwadanganya kwamba jambo limeisha hapo. Makundi ya Boice yalikuwa ya watu wachache sana, na Helen Sword, mtafiti wa uandishi wa kitaaluma, alipowahoji wasomi wenye machapisho mengi akakuta wengi wao hawaandiki kila siku kabisa, wana mitindo tofautitofauti. Kwa hiyo mimi nimeacha kumlazimisha mtu kila siku. Ninachoshikilia ni kwamba usiiache rasimu mpaka usahau kinachofuata, na ukifunga laptopu acha sentensi kamili ya kesho, mfano "eleza kwa nini jedwali la 3 linapingana na la 2, anza na wanafunzi waliorudia mwaka". Hata baada ya wiki mbili hiyo unaishika. Kwa mwenye watoto wadogo au anayeuguza mzazi sina uhakika hata hili linatosha, manake sabatiko inamwondolea kazi za chuo tu, na nyumbani wote wanajua sasa yupo.

Sabatiko inafaa kwa kazi gani basi? Kwa kazi zisizokatika vipande: kukaa kwenye nyaraka, kwenda uwandani muda mrefu, au kuvunja mpangilio wa kitabu kizima na kuupanga upya, ambapo unatakiwa kubeba sura zote kichwani kwa wiki nyingi mfululizo. Kusahihisha marejeo, kujibu wahakiki, kunyoosha aya, hayo yanafanyika hata kati ya vipindi viwili, usiyabebe kwenda nayo. Na tuma muswada kabla hujarudi, hata kama unaona bado kidogo. Wahakiki huchukua miezi kusoma, na maoni yao yakikukuta katikati ya muhula utakuwa na kazi ya kuurekebisha tu, ambayo muhula unairuhusu. Ile sura ya mwisho ukirudi nayo haijaandikwa, muhula hauiruhusu.