Usuluhishi wa Mahakama kwa Wanandoa: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kisheria

Wengi wanaofungua kesi ya talaka nchini Uganda hushtuka kuambiwa kwamba kwanza wataketi na msuluhishi, wakadhani wameitwa ili warudishwe nyumbani kwa nguvu. Sivyo. Kanuni za Usuluhishi za mwaka 2013 zinaitaka mahakama ipeleke mashauri ya madai kwenye usuluhishi kabla ya kuyasikiliza, lakini kilicho lazima ni kufika na kuzungumza, wala si kukubaliana. Wakirudiana ni heri. Wasiporudiana, bado yapo mengi ya kumalizwa mezani.

Hayo mengi ndiyo yanayosahauliwa. Kinachozungumzwa si sana nani aliyeanza ugomvi, bali nani atalipa ada ya shule muhula wa kwanza utakapofunguliwa, watoto watalala kwa nani wakati wa likizo, na kile kiwanja cha Wakiso, kilicholipiwa kidogo kidogo kwa mapato ya duka, kitabaki kwa nani. Hapo mmoja hudai kwamba sheria inakata kila kitu nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu iliikataa hoja hiyo mwaka 2013: huangaliwa mchango wa kila mmoja, ukiwemo usio wa fedha. Ndugu wa mume wanaongoja warudishiwe ng'ombe wa mahari nao wamechelewa, kwani mwaka 2015 mahakama hiyo hiyo ilitamka kuwa kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba.

Wapo pia wanaonyamaza kimya kwa kuhofia kwamba watakayosema yatasomwa mbele ya jaji. Mazungumzo hayo ni siri na hayatumiki kama ushahidi kesi ikiendelea.

Dhana yenye madhara zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba makubaliano yenyewe ni talaka. Msuluhishi hana mamlaka ya kuvunja ndoa. Sheria ya Talaka inaitaka mahakama ijiridhishe kwa ushahidi na kuhakikisha kwamba wawili hao hawakula njama, na hata amri ya kwanza ikitoka, kwa kawaida husubiriwa miezi 6 kabla haijawa kamili. Sembuse karatasi ya kuachana yenye muhuri wa LC, yaani baraza la mtaa au kijiji: aliyefunga ndoa kanisani au kwa msajili, kisha akaoa tena kwa kuitegemea karatasi hiyo, anaweza kushtakiwa kwa jinai.