Banda la muda si kibanda: yanayodhaniwa kuhusu mabanda ya Serpentine

Tangu 2000, karibu kila kiangazi (2004 na 2020 hayakujengwa), jumba la sanaa la Serpentine husimamisha banda jipya la muda (pavilion), lililobuniwa na msanifu majengo aliyealikwa, kwenye bustani ya Kensington Gardens, London.

Dhana: Ni la miezi michache, halihitaji msingi.
Banda jepesi halihofiwi kuporomoka tu, huhofiwa kung'oka. Upepo wa mita 20 kwa sekunde una mgandamizo wa kama kilo 25 kwa mita ya mraba. Paa la mita za mraba 100 linaweza kuvutwa juu kwa tani 2.5, na pembezoni huzidi. Nanga ya kulizuia ni zege la msingi, lenye uzito wa tani 2.4 kwa mita ya ujazo. Toa uzito wa banda lenyewe, ongeza akiba ya usalama, ndipo ujue umwage zege kiasi gani. Matangi ya maji nayo hutumika, ila likivuja moja, nanga imekwisha.

Dhana: Bustani haidhuriki, nyasi zitaota.
Nyasi zitaota, ndiyo. Wa kuhurumiwa ni mti. Mizizi yake mingi imo ndani ya sentimita 60 za juu, na kreni ikipita udongo ukiwa umelowa, unashindiliwa hadi hewa na maji havipenyi. Matawi ya juu huja kukauka miaka kadhaa baadaye, mkandarasi keshalipwa zamani. Kanuni ya Uingereza, BS 5837, inataka upime kipenyo cha shina kwenye kimo cha mita 1.5, kisha uzidishe kwa 12: shina la sentimita 50 hulindwa mita 6 kila upande. Humo usichimbe, magari yakilazimika kupita, tandika vipande vya mbao na juu yake mabamba ya kutawanya uzito.

Dhana: Ni uwanja wa wasanifu wachanga.
Sharti lilikuwa msanifu awe hajakamilisha jengo Uingereza anapoalikwa. Umri haukuwa sharti: Oscar Niemeyer, msanifu mashuhuri wa Brazil, alijenga 2003 akiwa na miaka 95.

Dhana: Likibomolewa ni taka.
Banda la msanifu Frank Gehry (2008) liko Château La Coste, shamba la mizabibu na sanaa nchini Ufaransa. La msanifu Sou Fujimoto (2013) lilihamia Tirana, Albania. Linalohamika limefungwa kwa bolti, halikulehemiwa, na kila kipande kina namba iliyogongwa kwenye chuma, kwa kuwa iliyoandikwa kwa kalamu hufutwa na mvua. Msingi ndio hausafiri. Mnunuzi huumwaga upya kwa udongo na upepo wa kwake, na gharama hiyo husahaulika sana kwenye bei.