Geji Ikikudanganya Ndani ya Wingu: Ifunike, Kisha Sema

Tangu kampeni hii ya usalama wa ndege ndogo ianze, kila tukikaa na marubani na wamiliki wa ndege tunaulizwa swali lilelile: nikitangaza dharura kwa sababu ya geji moja tu, nitanyang'anywa leseni? Jibu ni hapana, na utaratibu wake tutaueleza hapa chini. Ila wengi wanaouliza hivyo wanadhani geji hufa kwa kishindo, na rubani ana muda wa kuamua kama jambo lenyewe ni kubwa au dogo. Hapo ndipo watu wanapopotea.

Katika ndege nyingi za injini moja za mtindo wa zamani, upeo bandia (geji inayoonyesha kama ndege imenyooka au imelala) na geji ya mwelekeo huendeshwa na jiroskopu, yaani vigurudumu vinavyozunguka kwa kasi, zinazozungushwa na hewa, na hewa hiyo huvutwa na pampu iliyofungwa kwenye injini. Pampu ikikatika, jiroskopu haisimami papo hapo. Huendelea kuzunguka kwa dakika kadhaa huku kasi ikipungua, na mstari wa upeo huanza kuinama polepole, nyuzi mbili, tano, kumi. Rubani aliye ndani ya wingu anaona ndege imelala upande. Anairekebisha, na kwa kuirekebisha ndiyo kwanza anailaza. Ndege iliyokuwa imenyooka sasa inageuka, pua inashuka, mwendo unapanda, na mbele yake upeo bandia bado unaonyesha kwamba mambo ni shwari.

Pembeni mwa dashibodi kuna geji ndogo ya mvuto wa hewa. Katika ndege nyingi mshale wake hukaa kati ya inchi 4.5 na 5.5 za zebaki. Mara nyingi ndiyo ndogo kuliko zote na imewekwa mbali na macho, lakini mshale huo ukianguka, huenda hutapata onyo lingine. Ipitie kwa jicho kila unapozungusha macho kwenye geji, siyo wakati wa kuwasha injini tu.

Sasa kuna usemi tunaousikia mno: "Mimi ndege naihisi kwa kiti." Tunaomba uachwe. Ndani ya wingu kiti hakikuambii kitu. Majimaji ya sikio la ndani husukumwa pale mzunguko unapoanza, lakini ukiendelea kwa kasi ileile hutulia ndani ya muda mfupi, na mwili ukaamini umekaa wima. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani wanafunzi 20 wasio na mafunzo ya kurusha ndege kwa kutegemea geji peke yake, wakiwa wamezuiwa kuona nje. Wote walipoteza udhibiti, 19 kati yao kwa kuzama kwenye mzunguko wa kushuka. Wastani ulikuwa sekunde 178, na wa kwanza kuishiwa alifika sekunde 20. Hawakuwa watu wazembe. Walikuwa na masikio kama yako na yangu.

Kwa hiyo, upeo bandia ukionyesha ndege imelala, uliza geji nyingine kabla hujagusa usukani. Geji ya kukata kona, ambayo mara nyingi hutumia umeme, inasemaje? Geji ya mwendo na altimita, yaani geji ya kimo, zimetulia? Tatu zikikubaliana dhidi ya moja, hiyo moja ndiyo mbovu. Ifunike hapohapo, kwa kadi, kwa kipande cha karatasi ya kunata, kwa chochote. Marubani wengine huona haya kufanya hivyo, hasa wakiwa na abiria. Msione haya. Macho yamezoea kurudi katikati ya dashibodi, na hata ukijua geji imekufa mkono utaifuata usipoificha. Kama ndege ina mfumo wa kujiendesha, jua mapema mfumo huo unapata taarifa zake wapi. Mfumo ukitegemea geji iliyokufa, utaifuata bila kusita, basi uzime.

Mrija wa pito, unaopokea hewa ya mbele ili kupima mwendo, na matundu ya hewa tulivu, yanayopima shinikizo la hewa nje ya ndege, yana ugonjwa mwingine. Matundu yakiziba, altimita huganda na geji ya kupanda na kushuka husimama kwenye sifuri hata kama unapanda. Fungua valvu ya akiba iliyo ndani ya chumba cha rubani, ukijua kwamba altimita na mwendo huenda vikasoma juu kidogo. Na kagua matundu kabla ya kuruka, kwa kidole na kwa macho. Mwaka 1996 Boeing 757 ya Aeroperú ilianguka baharini na watu wote 70 wakafa, kwa sababu mkanda wa gundi uliobandikwa juu ya matundu wakati wa kuosha ndege haukubanduliwa.

Ukishaituliza ndege, sema. Tumia masafa uliyopo, au 121.5, masafa ya dharura, kama huna mawasiliano na yeyote. Tamka "mayday" mara tatu, kisha jina la ndege, geji iliyokufa, kwamba uko ndani ya wingu, kimo chako, mafuta yaliyobaki yanatosha muda gani, na idadi ya watu. Weka transponda, kifaa kinachotuma namba ya ndege kwenye rada, kwenye 7700, namba ya dharura, isipokuwa mwongoza ndege amekupa namba nyingine. Namba 7600 ni ya redio kufa, tafadhali zisichanganywe. Uliza anga isiyo na wingu iliyo karibu iko wapi. Kukiwa na rada, mwongoza ndege anaweza kukugeuza bila wewe kutazama mwelekeo: atasema geuka kushoto, nawe unageuka nyuzi 3 kwa sekunde, hadi aseme acha. Dira ya sumaku huyumba kwenye kona, kwa hiyo isome baada ya mabawa kunyooka.

Kuhusu leseni. Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinampa rubani mkuu ruhusa ya kukiuka kanuni za anga pale usalama unapolazimisha. Kiambatisho cha 13 kinasema lengo pekee la uchunguzi wa ajali na matukio ni kuzuia yasirudi, siyo kugawa lawama. Huenda ukatakiwa kuandika maelezo. Yaandike siku hiyohiyo, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Linaloweza kumletea rubani au mmiliki hatua za kisheria ni kuificha hitilafu: kutoiandika kwenye kitabu cha ufundi cha ndege, au kuirusha tena ikijulikana ni mbovu. Adhabu hutofautiana kwa sheria ya kila nchi, na bima nayo inaweza kukataa kulipa.

Kitabuni andika tarehe, kimo, dalili ya kwanza uliyoiona na geji ya mvuto ilikuwa inasoma ngapi. Usiandike "geji mbovu" ukaishia hapo, maana fundi atabadilisha geji na kuacha pampu. Na pampu kavu, yaani isiyolainishwa kwa mafuta, ikivunjika humwaga vipande vya kaboni kwenye mipira ya hewa. Pampu mpya ikifungwa kabla mipira haijasafishwa na vichujio kubadilishwa, vipande hivyo vinaweza kuiua nayo, kwa hiyo mwulize fundi kama kazi hiyo imefanyika kabla hujapokea ndege.