"Tutaanza na ya bure, halafu tutahamisha"

Wiki hii nimeisikia mara mbili, kwa watu wasiojuana kabisa: "Fundi, wewe nianzishie kwenye jukwaa la bure, mambo yakikaa sawa tutahamisha." Wanaisema kwa utulivu, kana kwamba tovuti ni kitanda cha kufungua skrubu hapa na kufunga kule. Na bure sina ugomvi nayo. Wengi wanaotaka tovuti binafsi nawashauri wabaki huko huko kwenye bure. Linaloniudhi ni hilo neno "tutahamisha".

Ukikaa kwenye Wix, mojawapo ya majukwaa ya kujengea tovuti, ukaburuta picha, ukapanga vitufe na kuchagua rangi, unachoacha pale ni maagizo ndani ya mfumo wao, na mfumo huo peke yake ndio unaojua kuyasoma. Wenyewe hawafichi: kurasa zao za msaada zinaeleza kwamba tovuti iliyojengwa kwao haiwezi kuhamishiwa seva nyingine, yaani kompyuta nyingine ya kuhifadhia tovuti. WordPress.com ni afadhali, kwani inakupa faili ya maandishi (XML) yenye makala, kurasa na maoni. Lakini mwonekano wa tovuti haumo humo, na picha zimetajwa kwa anwani tu. Faili zake zinabaki kwao hadi uzivute mwenyewe. Blogger nayo inakuruhusu kupakua machapisho yako. Kwa hiyo hata pale panapohamika, kinachohama ni maandishi. Nyumba unaijenga upya.

Miaka miwili iliyopita alinijia mama mmoja anayepiga picha za ndege. Alikuwa na kurasa zaidi ya 200 kwenye jukwaa moja la bure, na chini ya kila picha ameandika saa, hali ya mwanga na ndege alikuwa anafanya nini. Tulipozipakua zile picha zilikuja ndogo, kwa sababu jukwaa lilizibana wakati wa kuzipokea. Ukimkuza ndege kidogo tu, manyoya yanageuka vijiboksi. Picha asili alishazifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi, akiamini ziko salama mtandaoni. Maelezo tuliyanakili kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, jioni tisa mfululizo.

Hayo yote aliyavumilia. Kilichomtoa machozi ni anwani. Pembeni mwa kila picha aliyowahi kumpa mtu alikuwa amechapa anwani ya tovuti yake, ile ndefu inayoishia na jina la kampuni. Picha hizo sasa ziko kwenye simu za watu, kwenye kuta zao, kwenye vijitabu. Hakuna namna ya kuzikusanya ukazirekebisha.

Anwani ya bure ni ya kuazima. Jina lako limetangulia, lakini mwenye domeni, yaani lile jina kuu la anwani kama jinalako.com, ni kampuni, na ukiondoka ni wao wanaoamua kama mgeni ataelekezwa ulikohamia au atakutana na ukurasa wa kosa.

Ndiyo maana nikiulizwa "nichague jukwaa gani?" naanzia mbali. Nunua domeni kwanza, hata kama bado hujui tovuti itakuwa na nini. Kisha tafuta jukwaa linalokuruhusu kuiunganisha bila kulipia kifurushi. Blogger wanaruhusu, Google Sites wanaruhusu, GitHub Pages wanaruhusu. Vifurushi vya bure vya Wix na WordPress.com haviruhusu. Kama moyo umeshapenda huko, basi ingia kwa msajili wa domeni yako, yaani kampuni uliyoinunua kwao, utafute sehemu ya kuelekeza, uielekeze kwenye ile anwani ndefu. Wasajili wengi hawatozi kitu kwa hilo. Atakayenakili anwani kutoka kwenye kivinjari atachukua ile ndefu, hilo hulizuii, lakini kadi zako, wasifu wako na kila unachokichapa vibebe domeni yako tu. Siku ukihama, unabadilisha mstari mmoja.

Na tafadhali, andika kila kitu kwanza kwenye faili zako mwenyewe. Picha asili ziwe kwenye folda moja, na nakala yake kwenye diski ya nje. Narudia hili hadi wateja wanachoka kunisikia, na bado sijaacha.

Kuna wanaonijibu kwamba kampuni kubwa haifungi. GeoCities, huduma ya bure ya kujengea kurasa za mtandaoni, ilianza mwaka 1994, ikawa mahali ambapo mamilioni ya watu walijenga kurasa zao za kwanza. Yahoo ikainunua mwaka 1999, na mwaka 2009 ikaizima. Sehemu ya kurasa hizo ipo hadi leo kwa sababu tu watu waliojitolea walikimbizana na tarehe ya mwisho kuzinakili.

Mengine ninayoambiwa, ambayo si kweli, nayamaliza haraka.

Eti tovuti ya bure haionekani Google. Inaonekana, na Google haipokei malipo ili ikuweke kwenye matokeo yake ya kawaida. Kagua kwanza mipangilio ya faragha, maana kuna sehemu ya kuzuia injini za utafutaji na watu huiacha imewashwa bila kujua. Kisha isajili tovuti kwenye Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti, ambayo ni bure. Na kichwa cha ukurasa wa kwanza kiwe jina lako kamili. Naona "Karibu" kila siku, na hakuna anayekutafuta kwa neno hilo.

Eti ya bure haina usalama. Majukwaa yote niliyoyataja yanakupa HTTPS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa kati ya mgeni na tovuti, bila malipo, na kuziba mianya ya seva ni kazi yao. Mlango unaoachwa wazi ni nenosiri lile lile unalolitumia kila mahali.

Eti WordPress ni moja. WordPress.com ni huduma, unafungua akaunti na kuanza. Ya WordPress.org ni programu ya bure unayoipakua, lakini seva ya kuiweka unaitafuta na kuilipia mwenyewe.

Eti jukwaa bora ni lenye templeti nyingi, yaani miundo iliyokwisha kutengenezwa. Tovuti binafsi inahitaji useme wewe ni nani, umefanya nini na unapatikanaje. Templeti tatu safi zinatosha.

Na eti domeni ukishainunua ni yako milele. Unaikodi kwa mwaka, na ya .com huwezi kuilipia zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo. Hakikisha imesajiliwa kwa jina lako na kwa barua pepe unayoifungua wewe, sio ya fundi wako, kwa sababu taarifa ya kwamba muda unaisha hutumwa huko.