Kitasa Kizima, Fremu Imepasuka

Mtu akiingiwa na hofu ya wezi, kitu cha kwanza anachonunua ni kitasa kipya. Mimi naanzia upande wa pili. Fungua mlango, chutama, utazame kile kibati cha kwenye fremu ambamo ulimi wa kitasa huingia. Mara nyingi kimeshikwa na skrubu mbili za sentimita 2 hivi, zilizouma ubao karibu kabisa na ukingo. Mlango ukipigwa teke la nguvu, kitasa hakivunjiki. Kinachopasuka ni ubao wa fremu, unachanika kwa kufuata nyuzi zake na kibati kinang'oka na skrubu zake zote mbili. Ukikiangalia kitasa baadaye, hakina hata mkwaruzo. Ulimi bado umetoka nje, umefunga hewa.

Kwa hiyo badilisha kibati kabla ya kitasa. Weka kirefu, cha chuma chenye unene wa milimita 3, chenye matundu manne au zaidi, na skrubu za milimita 75 hadi 100 zinazopita fremu na kuingia ukutani. Toboa kwanza tundu jembamba la kuongoza, maana ukilazimisha skrubu nene kwenye ubao mkavu utaupasua wewe mwenyewe, na mwizi atakuta kazi imeshaanzwa. Ukuta wa tofali hautashika skrubu tupu: toboa kwa drili ya kugonga kupitia fremu, ingiza plagi ndefu ya plastiki inayoshika skrubu ukutani, ndipo ukaze. Plagi ikizunguka pamoja na skrubu, tundu limepanuka au umeangukia kwenye uwazi wa tofali. Hama sentimita kadhaa, utoboe upya. Usijidanganye kwa kujaza njiti.

Ukiwa hapo hapo, gonga fremu kwa kidole. Ikilia kama ngoma, nyuma yake kuna pengo, na mtaimbo ukichomekwa kati ya mlango na fremu utaisukuma fremu mpaka ulimi uchomoke. Pigilia kabari za mbao ngumu nyuma ya kitasa na nyuma ya kila bawaba. Ulimi wenyewe utoke angalau milimita 25. Kisha funga mlango, usukume kona ya chini kwa mguu: ukicheza, ongeza komeo la chini, na la juu pia.

Kitasa cha silinda, yaani chenye kipande cha kuchomeka ufunguo kinachotoka peke yake, kina udhaifu wake. Katikati ya silinda, mahali inapopita skrubu ya kuishikilia, chuma kimebaki chembamba sana. Silinda ikichomoza nje ya bamba lake, inashikika, na ikishikika inavunjika hapo hapo. Isichomoze zaidi ya milimita 3. Wanaokosea kipimo hupima urefu mzima tu, kumbe unatakiwa kupima kuanzia katikati ya tundu la skrubu hiyo kwenda nje, halafu kwenda ndani, kwa sababu pande mbili si lazima zilingane. Milimita 35 nje na 45 ndani si sawa na 40 kwa 40, ingawa jumla ni ileile.

Mlango unaofungukia nje huacha bawaba zake nje, na pini ikichomolewa kitasa hakina maana tena. Weka bawaba zenye pini isiyotoka. Kama haziwezekani, funga vijiti vya chuma upande wa bawaba, viwili, vinavyoingia kwenye matundu ya fremu kila mlango unapofungwa.

Kufuli kubwa hupendwa, lakini tazama limefungwa kwenye nini. Vichwa vya skrubu vya kishikio chake vikionekana mlango ukiwa umefungwa, bisibisi inatosha. Tumia bolti zinazopenya mlango mzima, nati zikazwe kwa ndani. Upinde wa kufuli uwe wa milimita 10 au zaidi, na uwe umefunikwa na mabega ya kufuli, usiache nafasi ya mkasi wa chuma kuuma.

Taa ya kuhisi mwendo ni nzuri ikiwekwa juu kiasi kwamba haizimwi kwa mkono. Kamera mimi naiweka mwisho: inaona, haizuii.

Grili za dirisha ziulizwe swali moja: zimeshikwa wapi? Zilizofungwa kwa skrubu kwenye mbao za dirisha hung'oka pamoja na mbao. Vyuma viingie ndani ya ukuta sentimita 7 au zaidi na vishindiliwe kwa saruji, na nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 12. Kagua pia uchomeleaji. Tone moja la moto kwenye kila kiungo ni mapambo tu, linakatika kwa kugongwa. Chuma kichomelewe pande zote.

Katika kila chumba cha kulala, dirisha moja liwe na grili inayofunguka kwa ndani, kwa ajili ya moto. Kufuli lake lifunguke kwa urahisi, na ufunguo utundikwe kwenye ukuta uleule wenye dirisha, mita moja na nusu pembeni. Mtu wa nje mwenye fimbo ndefu anaweza kuvua kitu kilicho mbele yake, ila fimbo haipindi kona. Anayelala humo aupapase gizani mara mbili tatu, mpaka mkono uuzoee.