Si kila uchawi unaomdhuru kiumbe huwa umemlenga

Katika makundi ya WhatsApp ya wachezaji wa Magic: The Gathering, mchezo wa kadi, jijini Nairobi, husambazwa mara kwa mara ujumbe unaodai kwamba kiumbe mwenye kinga ya hexproof hawezi kudhurika na uchawi wowote, yaani kadi yoyote inayochezwa, wa mpinzani. Dai hilo si sahihi. Kinga hiyo humzuia mpinzani kumteua kiumbe huyo kuwa shabaha, na uchawi huwa na shabaha pale tu maandishi ya kadi yanapotumia neno target (shabaha), au kanuni za aina ya kadi zinapolibeba, kama ilivyo kwa Aura, kadi ya kuambatishwa kwa kitu kingine, inapochezwa kutoka mkononi. Kadi ya Wrath of God, inayoangamiza viumbe wote mezani, haina neno hilo. Kwa hiyo haimteui yeyote, na mwenye kinga huangamia pamoja na wenzake. Kadi ya Diabolic Edict, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayotatanisha zaidi, humlenga mchezaji, kisha mchezaji huyo huchagua mwenyewe kiumbe wa kutoa kafara, hivyo hata mwenye kinga anaweza kutolewa.

Mkanganyiko huu unaeleweka, kwani katika mazungumzo ya kawaida kudhuriwa na kulengwa huonekana kuwa jambo moja. Tafadhali msiusambaze tena ujumbe huo, hasa kwa wanaoanza kucheza. Anayetaka kuhakikisha na asome kadi yenyewe, kisha sehemu za 115 na 702.11 za kanuni kamili za mchezo, zinazopatikana bure mtandaoni.