Nobu haikuambii redio ni ya aina gani

Wapenzi wengi wa redio za ridhaa (za kuwasiliana hewani kwa kujifurahisha, si kwa biashara) huamini kuwa redio yenye nobu za kuzungusha ni ya kizamani, na kwamba redio ya programu, yaani ile ambayo kazi zake hufanywa na programu badala ya saketi, lazima iwe boksi lisilo na nobu linaloendeshwa kwa kompyuta. Si kweli.

Tazama redio ya programu ya Icom IC-7300, iliyotoka mwaka 2016. Usoni ina nobu kubwa ya kutafutia masafa. Ndani, mawimbi ya antena yakishachujwa hugeuzwa moja kwa moja kuwa tarakimu, na kuanzia hapo kuchagua stesheni na kupunguza kelele ni kazi ya hesabu. Nobu yenyewe haigusi mawimbi kabisa: ukiizungusha, inaipa prosesa (chipu inayofanya hesabu) ishara ndogo za umeme, nayo prosesa ndiyo inayobadilisha masafa. Kwenye redio ya kizamani kama Kenwood TS-520 ya miaka ya 1970, mkono wako ulikuwa unazungusha kapasita halisi, kile kifaa cha umeme kinachopanga masafa! Tofauti hiyo ni kubwa mno, ila kwa nje huioni.

Hata kampuni ya FlexRadio, waliojulikana kwa redio zisizo na nobu hata moja, waliuza nobu ya pembeni ya kuchomeka kwenye kompyuta. Nawaelewa: stesheni hafifu vidole huifikia upesi kuliko kipanya.